Kabla ya Kuchapa Fulana, Tupime Barabara

Waraka kwa wanachama wote, tawi la Arua na tawi la Koboko
Kutoka kwa katibu wenu



Kikao chetu kilichopita kilivunjika kwa kelele, na kelele zenyewe zilikuwa za rangi ya fulana. Wa Arua walitaka manjano, wa Koboko wakataka kijani. Katikati ya ubishi huo mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza: hizo mbio zenu ni za kilomita ngapi? Watu watatu wakamjibu kwa mpigo mmoja, kila mtu na idadi yake. Wa kwanza alisema ishirini na moja. Wa pili akasema "kama kumi na nane hivi". Wa tatu akasema inategemea umepita njia gani. Mzee akavaa kofia yake akaenda zake. Nimechelewa kumjibu, na kwa kuwa swali lilikuwa letu sote, jibu nawaandikia wote.

Ninachoomba ni kimoja. Kabla hatujachapa fulana hata moja, kabla hatujabisha hodi kwa kampuni yoyote kuomba udhamini, kabla hatujamwalika mheshimiwa aje kupuliza filimbi, tuipime barabara kwa kipimo kinachokubalika, na tununue daftari lenye jalada gumu la kumwandika kila atakayefika, tangu wa kwanza hadi wa mwisho.

Najua wapo watakaosema katibu analeta ukarani kwenye kazi ya miguu. Hao niwakumbushe asubuhi moja ambayo wengi wenu mlikuwepo. Tulialikwa kwenye mbio za "kilomita kumi". Mji siutaji wala waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. Kijana wetu akamaliza kwa dakika 25 na ushei. Akabebwa juu juu, boda boda zikapiga honi, mama yake akapigiwa simu. Mimi nilikuwa chini ya mwembe nafungua kamba za viatu, nikapiga hesabu kichwani, nikanyamaza. Oktoba 2020 kule Valencia, Joshua Cheptegei alikimbia mita 10,000 uwanjani, taa zikimwongoza kandokando ya njia yake, akatumia dakika 26 na sekunde 11, ikawa rekodi ya dunia. Basi ama kijana wetu alikuwa amemshinda Cheptegei kwa viatu vya mitumba, ama barabara ilikuwa fupi. Baadaye tuliirudia njia ile polepole, ikatoka kilomita nane na kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba kijana yule alikuwa amekimbia vizuri kweli. Dakika 25 kwa kilomita nane si mchezo, na angestahili kuonekana na watu wanaotafuta vipaji. Lakini muda wake wa kweli hakuna aliyeuandika, na ule wa uongo haupelekwi popote, kwa sababu mtu yeyote anayejua riadha akiusikia atacheka. Mpaka leo ukimuuliza muda wake bora anainamisha kichwa. Tulimpa shangwe, tukamnyima ushahidi.

Tusidhani ni sisi tu. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, ikatangazwa rekodi ya dunia. Miaka michache baadaye wapimaji wakarudi barabarani, wakakuta njia imepungua mita 148 hivi, na rekodi ikaondolewa vitabuni. Manchester, Uingereza, waligundua kwamba marathoni zao za 2013, 2014 na 2015 zote zilipungua mita 380. Maelfu ya watu waliokuwa wamejisifu kwa jirani zao wakaambiwa hawakukimbia marathoni. Bangkok mwaka 2015 kosa lilielekea upande wa pili: walioingia nusu marathoni walielekezwa vibaya kwenye mgeuko, wakakimbia karibu kilomita 27 badala ya 21. Mtu aliyejipimia nguvu za 21, halafu anaongezewa sita bila kuulizwa! Miji hiyo yote ina fedha kuliko sisi. Kilichokosekana siku ile ni mtu mmoja wa kujiridhisha.

Na hiyo 42.195 tunayoitaja kama aya, wala haina utukufu wowote. Mbio za Athens mwaka 1896 zilikuwa kama kilomita 40. London mwaka 1908 walianzia kwenye kasri la Windsor na kumalizia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, ikatokea kuwa kilomita 42 na mita 195. Mwaka 1921 shirikisho la dunia likaamua urefu huo huo uwe kanuni. Ni namba iliyotokana na mahali pa kukaa familia ya kifalme. Nguvu yake ni kwamba watu wote wamekubaliana nayo, hivyo anayekimbia Berlin na anayekimbia Moshi wanaweza kuzungumza bila mkalimani. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich wetu akachukua dhahabu ya Olimpiki London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Miaka 23 katikati, bahari katikati, na Waafrika Mashariki wawili wamekutana kwenye sekunde ile ile. Tunayajua haya kwa sababu mahali pote pawili palikuwa na kipimo na karani.

Nije kwetu Uganda. Kampala ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1962, na marathoni yake ya kila mwaka ikaanza 2004 kwa udhamini wa MTN. Ni miaka 42 katikati; mpenda mizaha atasema ni mwaka mmoja kwa kila kilomita. Nairobi na Moshi walikuwa wametutangulia mwaka mmoja, 2003, na Kigali wakafuata 2005. Kwa hiyo kizazi kizima cha marathoni za miji yetu kilizaliwa ndani ya miaka mitatu, kama watoto wa jando moja. Ya Kampala ikawa desturi ya Novemba: watu wanajazana Kololo kabla ya jua, wa 42, wa 21, wa kilomita 10, na wale wa kilomita 5 waliokuja kupiga picha. Korona ilipofunga barabara desturi ikakatika, ikarejea Novemba 2022 na umati ukarejea nayo.

Pamoja na hizo zipo mbio za aina nyingine, nazo nazipenda. Mbio za saratani za Rotary zilianza 2012 kuchangia kituo cha matibabu katika hospitali ya Nsambya. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka zimekusanya umati kupambana na fistula, selimundu na ukimwi. Pale hakuna anayekuuliza muda wako. Ukitembea, ukisukuma mtoto kwenye kigari, umefanya lililokuleta. Ile ni harambee ya miguu, na fulana ndiyo risiti yako. Lakini sisi hatukujiita chama cha harambee. Tulijiita wakimbiaji, tena kwa herufi kubwa, kwenye muhuri ambao bado nadaiwa fedha yake na fundi.

Wapo wanaosema Arua ni mbali mno, hakuna atakayekuja. Mwaka 2022 Kasese ilianzisha marathoni ya Rwenzori, kwa wazo la Amos Wekesa, mtu wa utalii. Kasese nako ni pembezoni, Kongo iko mlangoni kama ilivyo kwetu, na reli yake ilikufa kama ilivyokufa ile iliyokomea Pakwach. Wao wana mlima wenye theluji, sisi hatuna, nakubali. Ila mlima haukimbii. Wageni hufuata mbio wanazoziamini, na mlima wanautazama wakishamaliza.

Sasa nieleze kwa nini kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi ya viatu.

Jiji letu ni changa. Lilitangazwa tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal, wakati hata kushikana mikono tulikatazwa, kwa hiyo sherehe yenyewe ilikuwa ya barakoa. Mji wenyewe una umri zaidi: boma lilianzishwa 1914, eneo hili lilipokabidhiwa Uganda baada ya kupitia mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha Sudan. Wazee wa Kilugbara husema jina Arua lilitokana na neno la gereza, kwa kuwa watu walikuwa wakisema fulani kapelekwa kule, gerezani. (Kiprotich, kabla na baada ya dhahabu yake, alikuwa askari magereza. Nadhani tunaweza kumdai undugu.) Na si yeye peke yake aliyetoka kwenye sare. John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa polisi. Cheptegei naye ni polisi. Kwa muda mrefu mtu wa nchi hii alijifunza kukimbia akiwa ameajiriwa kukimbia. Huku West Nile, ambako karibu kila nyumba ilitoa askari tangu enzi za King's African Rifles, ndani ya masanduku ya mabati lazima zimo medali na vyeti ambavyo hakuna aliyewahi kuviorodhesha.

Lakini barabara yetu ina mbio nyingine, zisizo na medali. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, na zaidi sana kuanzia Oktoba 1980 vita viliporudi hapa kwetu, watu wa Arua na Koboko walikimbia. Hawakuvaa namba vifuani. Walibeba magodoro, kuku, watoto na wazee, wakaelekea Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka mwaka 1986 na kuendelea. Tarehe 24 Juni 1981, pale misheni ya Ombaci, kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Koboko, raia waliokuwa wamekimbilia usalama waliuawa na askari wa serikali. Wapo miongoni mwetu waliofiwa pale. Ukikimbia nao Jumamosi utaona wakifika hapo hupunguza mwendo, bila kusema neno, halafu huendelea.

Napendekeza nusu marathoni yetu ianzie mjini, ipande kaskazini ipite Ombaci na kugeuka mbele yake. Na napendekeza pale Ombaci pasiwe na muziki, pasiwe na kipaza sauti wala meza ya soda. Mita mia kadhaa za kimya tu, kisha makelele yaendelee kama kawaida. Waafrika Kusini walifanya jambo la namna hii. Tarehe 24 Mei 1921 Vic Clapham, aliyekuwa amerudi kutoka vitani, alianzisha mbio za Comrades kati ya Pietermaritzburg na Durban kuwakumbuka wenzake waliokufa. Siku ya kwanza walianza watu 34. Leo wanaanza maelfu. Umbali wake unakaribia kilomita 90. Barabara yetu ya lami, kutoka Vurra mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ni kilomita 92. Sisemi tuanze kesho kukimbia 92. Nina umri wangu na magoti yangu. Nasema barabara ipo tayari.

Wenzangu wa Koboko, nimewasikia mkilalamika kwamba kila kitu huanzia Arua na kuishia Arua. Mna haki. Kwa hiyo mwaka wa pili, Mungu akitujalia, tufanye mbio za kupokezana kijiti kutoka Arua hadi Koboko, kilomita kama 55 kupitia panda-shuka zote za Maracha, kila kikosi na watu wake, na mstari wa kumalizia uwe kwenu. Ninyi mnakaa mahali nchi tatu zinapokutana. Wakakwa wako upande wa Uganda, wa Kongo na wa Sudan Kusini, na mpaka haujawahi kuwazuia kuoana. Huko Kapenguria, Kenya, tangu 2003 Tegla Loroupe, aliyekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda New York, amekuwa akiandaa mbio za amani zilizowaleta pamoja Wapokot, Waturkana na Wakaramoja, watu waliozoea kukutana kwa ajili ya kuibiana ng'ombe. Kama kule waliweza kuweka bunduki chini wakafunga viatu, kutoka Oraba hadi Koboko kutatushinda nini?

Na tusisahau majirani wetu wakimbizi walioko Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma waliingia chini ya bendera ya Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Kabla yao, London 2012, Guor Marial alikimbia marathoni bila bendera ya nchi yake, kwa kuwa Sudan Kusini ilikuwa haijawa na kamati ya Olimpiki, na alikataa kuvaa ya Sudan. Alimaliza wa 47. Mtu anaweza kukosa nchi kwenye karatasi, akawa na muda ulioandikwa. Ndiyo maana ada ya kuingia iwe ndogo kiasi kwamba kijana wa Lobule asiombe ruhusa ya tumbo lake. Na ndiyo maana naandika waraka huu kwa Kiswahili. Kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Waaringa na wageni wa nchi mbili katika orodha yetu; lugha inayotufikia wote bila mtu kujiona mgeni ni hii ya soko na ya kambi.

Sasa kupima. Nitaeleza kwa urefu, maana hapa ndipo watu husinzia, na hapa ndipo mbio huharibika.

Mita ya piki haifai. Mita ya gari haifai. Ikikosea asilimia mbili tu, ambalo ni kosa la kawaida, kwenye marathoni umepotea mita zaidi ya 800. Simu nayo haifai: hukisia kutoka satelaiti, hukata kona mahali barabara haikukata, na simu mbili kwenye mifuko ya watu wawili hutoa majibu mawili. Kinachokubaliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia mpaka leo ni baisikeli. Ndiyo, baisikeli, chombo ambacho hapa kwetu tumebebea mihogo, wagonjwa na maharusi. Mwingereza John Jewell aliunadi utaratibu huu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ted Corbitt, mkimbiaji Mweusi wa Olimpiki, akaupeleka Marekani mwaka 1964, na dunia nzima ikaufuata. Kihesabio kidogo hufungwa kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu la inchi 28, kama yale ya baisikeli zetu kubwa, likizunguka mara moja hupita mita 2 na robo hivi, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kama 450. Ukitaka kuhesabu kwa mdomo, karibu. Marathoni nzima ni karibu mizunguko 19,000.

Kwanza huwekwa mstari wa majaribio kwenye barabara iliyonyooka, mita 300 au zaidi, kwa tepu ya chuma ya mafundi wa ujenzi. Baisikeli hupita juu yake mara nne, mizunguko inaandikwa. Ndipo mpimaji huenda kwenye njia ya mbio, akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kwenye kona akikaa sentimita 30 kutoka ukingoni. Akimaliza hurudi kwenye mstari wa majaribio na kupita mara nne tena. Kwa nini tena? Kwa sababu ya jua. Tairi likipata joto hutanuka, na hesabu ya alfajiri hailingani na ya saa nne. Hapa kwetu, kiangazi cha Januari, tofauti hiyo si ya kupuuza. Mwisho huongezwa mita moja kwa kila kilomita moja ili njia isije ikapungua kwa bahati mbaya: mita 21 kwa nusu marathoni, mita 42 kwa nzima. Bora mtu akimbie mita chache za bure kuliko afutiwe jasho lake lote. Kisha alama zinapigwa kwa misumari na rangi, na ramani inaandikwa kwa vitu visivyohama. Safari hii tusiandike "pale kwenye kibanda cha chapati". Kibanda kinahama. Daraja halihami.

Kazi hii ni ya asubuhi mbili, watu sita na ruhusa ya polisi wa barabarani, maana malori ya Kaya na ya Ariwara hayajui kwamba unapima. Shirikisho la Riadha la Uganda tutaliandikia barua litutumie mtu wa kuthibitisha. Tukiwa tumeshapima wenyewe atatukuta tuko tayari, na tutakuwa tumeelewa anachofanya.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walikuwa wakizungumzia duka. Kwenye mbio mali ni sekunde. Mweka hazina anajua nilivyo mkali kuhusu daftari la fedha. Hilo litaendelea, na matumizi yatasomwa mbele ya wote kama tulivyokubaliana. Lakini daftari la pili ndilo ninaloliombea zaidi: jina, namba, kijiji, muda. Hata wa mwisho.

Na hapa kwa wa mwisho nasimama kidogo. Mexico, Oktoba 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti katika marathoni ya Olimpiki. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza, saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Watu husifu moyo wake, nami nausifu. Ila mimi ni katibu, na kila nikiikumbuka hadithi ile humwaza mtu mwingine kabisa: yule karani aliyekuwa bado amekaa mezani, saa mkononi, na kalamu haijafungwa. Angekuwa amekwenda kula, tungekuwa na hadithi bila sekunde 27. Katika mbio tulizowahi kuandaa sisi, mstari wa kumalizia ulibomolewa mama wawili wangali barabarani, kwa sababu mwenye mahema alikuwa na harusi saa saba. Mama wale hawajarudi tena. Mimi nilikuwepo, nilisaidia kukunja turubai, na sijawahi kuomba radhi mbele yenu. Naomba sasa.

Kuhusu mama na dada zetu nina neno jingine. Wengi wanaacha mazoezi siku wanapoolewa, na waliobaki hawataki kukimbia alfajiri peke yao. Wana sababu. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametuwakilisha marathoni ya Paris mwezi mmoja tu kabla, alifariki Eldoret baada ya kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Mwanamke anaweza kufika Olimpiki na bado asifike salama mlangoni kwake. Kwa hiyo mazoezi ya Jumanne na Alhamisi tuwe na makundi, na mwanamume anayemcheka mke wake kwa kuvaa kaptura ya mazoezi asitegemee kuchaguliwa kwenye kamati yoyote nikiwa bado nashika muhuri.

Wazee wetu, ninyi mliokimbia enzi za maili, mliokimbia shuleni, kambini, polisi na magereza kabla ya 1979: kurasa ishirini za mwanzo za daftari nimewaachia. Njooni mniambie mlikimbia wapi, mwaka gani, nani aliwashinda. Mkisema mliwashinda wote nitaandika hivyo, ila nitaweka alama ndogo pembeni. Picha mlizo nazo msitoe, tutazipiga picha na kuwarudishia papo hapo.

Tunaanza Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, Barifa. Kila mwenye baisikeli ya inchi 28 iliyo nyoofu aje nayo, na pampu. Fundi wa tawi la Koboko ameahidi tepu ya chuma ya mita 50. Tafadhali asiisahau kama alivyosahau kuku. Watakaotoka Koboko waje Ijumaa jioni kwa taksi, malazi yapo kwa wanachama, na mama wa kamati ya chakula wamesema enyasa na angara havitapungua. Kuhusu rangi ya fulana, ajenda hiyo nimeisogeza mbele mpaka siku tutakapokuwa na namba ya kuandika mgongoni mwake.

Yule mzee wa mlangoni nimempelekea nakala yake mwenyewe kwa mkono. Aliisoma yote mbele yangu, bila haraka, kisha akaniuliza kama baisikeli yake inafaa. Nikamuuliza tairi zikoje. Akasema jipya ni la nyuma. Nikamweleza kwamba tunahesabu kwa la mbele. Akafikiri kidogo, akasema basi atazibadilisha.

Wenu,
Katibu